Kupeleka Majibu ya Macho Newala

Tangu niliporudi kutoka Newala, kila ninayekutana naye hapa Masasi ananiuliza swali lilelile: "Esta, mlikwenda kufanya nini huko juu na yule Mzungu?" Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, na kila kipande kimezaa uvumi wake. Wako wanaosema tulikwenda kuhesabu watu ili waongezewe kodi. Wako wanaosema tulikwenda kununua macho. Basi naisimulia safari yote, tangu kuondoka mpaka kurudi, na atakayeongeza chumvi baada ya hapa aongeze kwa mkono wake mwenyewe.

Huyo Mzungu ni daktari wa chuo kikuu huko kwao Uingereza. Alikuja mara ya kwanza mwaka juzi, akazunguka vijiji vya Newala akipindua kope za watoto na wazee na kutazama ndani kwa kioo cha kukuzia. Watu wakamwita Bibi Kope, na jina likamganda. Alikuwa anachunguza vikope, ugonjwa ule unaoanza utotoni kwa tongotongo na mwasho, ukaishia uzeeni kwa kope kupinda ndani na kukwaruza jicho mpaka linaingia ukungu. Alipoondoka watu walisema, "Ndiyo basi, amekwenda na majibu yetu." Hawakutegemea kusikia tena habari zake. Lakini mwaka huu, kiangazi kikielekea mwisho, akatokea hospitali ya misheni ninakofanya kazi ya unesi. Akasema amekuja kuwapa wenye macho majibu yao, na anatafuta mkalimani wa Kimakonde.

Mimi kwa baba ni Mmakua, lakini mama yangu alikuwa Mmakonde wa Kitangari, hukohuko Newala. Nilikubali kabla Bibi hajamaliza kusema, na nilikuwa na sababu yangu. Mama alifariki akiwa haoni. Bibi mzaa mama vilevile. Na mdogo wa mama, mama yangu mdogo Akulina, ambaye wengi humwita Mama Lukas, nilikuwa nimesikia kwamba naye ameanza kupapasa. Kwetu jambo hilo lina jina fupi: macho ya ukoo. Mtu akiuliza, huambiwa hivyo, na maneno huishia hapo. Mimi ni wa ukoo huohuo, na kwa muda mrefu nilikuwa najiuliza zamu yangu itafika lini.

Tuliondoka Masasi asubuhi mapema, majabali ya Mtandi yakiwa bado na umande mabegani. Dereva wa lori alikuwa Mzee Saidi, Myao wa hapahapa mjini, mtu asiyeweza kunyamaza hata akitafuna. Nyuma tulipakia dawa za kupaka, vitanda vya turubai na pipa zima la maji. Bibi Kope aliuliza pipa zima la nini; safari ile ya kwanza alikuwa akipewa maji na watu.

"Walikupa, Bibi," alijibu Mzee Saidi. "Huko juu ukimwomba mtu maji umemwomba damu. Mgeni mwenye adabu huja na yake."

Uwandani tulikwenda vizuri, vumbi jekundu likitufuata kama mkia. Taabu ilianza mlimani. Barabara ya kupanda uwanda wa juu inajikunja na kujikunja tena, na katikati ya mkunjo mmoja lori likaanza kutoa mvuke. Mzee Saidi akateremka, akachota maji pipani, akayamimina kwenye rejeta. Wakati huohuo wakatokea wanawake kutoka bondeni, wamebeba madebe ya maji kichwani, migongo imenyooka, jasho linawatiririka. Walisimama wakatazama maji yakiingia ndani ya chuma.

"Gari lenu linakunywa kuliko ng'ombe," mmoja wao alisema kwa Kimakonde.

Nikamfasiria Bibi Kope. Hakucheka. Aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona ya juu, wakiwa wametuacha sisi wenye magurudumu.

Newala tulifika alasiri. Upepo wa huko mnaujua kwa sifa. Mimi niliujua kwa kitambaa changu cha kichwa, ambacho nadhani sasa kipo ng'ambo ya Ruvuma katika nchi ya Mreno. Ukisimama ukingoni unaliona bonde lote chini, la kijani na lenye mto, na wewe uko juu huna hata tone la kusukutua. Tulilala kwa mwalimu mmoja wa kanisa. Mkewe alitupa ming'oko, mizizi ile ya porini, ya kuchemsha pamoja na mbaazi, na maji ya kunawa alituletea katika kikombe cha chai. Bibi Kope alinawa mikono yote miwili bila kumwaga. Mke wa mwalimu alimtazama akasema, "Huyu ameshawahi kukaa hapa." Hiyo ni sifa kubwa.

Kesho yake tulikuwa kijijini Mkunya. Jumbe alikuwa ameita watu, na wanawake walijaa uwanjani na watoto wao, chini ya mikorosho. Bibi Kope alisimama akaanza kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Enyi akina mama, nimerejea kuwaeleza yale mliyonifundisha." Wakapiga vigelegele kwa lile "enyi" tu. Kisha akasema, nami nikafasiri, kwamba vikope huzuiwa kwa kuosha uso wa mtoto kila siku. Vigelegele vikakatika.

Mama mmoja mwenye sauti nene, Mama Fatu, akasimama. "Bibi, kwa heshima yako. Sisi tunashuka bondeni alfajiri, tunarudi na debe jua likiwa utosini. Maji yale ni ya kupika, ya kunywa, na ya baba watoto kunawa akirudi. Uso wa mtoto utasubiri mvua."

Uwanja mzima ukacheka. Nikafasiri, nikidhani safari yetu imekufia pale. Lakini Bibi Kope naye akacheka.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema. "Nilidhani nyumba zilizo mbali na maji ndizo zitakazokuwa na macho mabaya kuliko zote. Haikuwa hivyo. Nilikuta nyumba za mbali kabisa ambazo watoto wake wana macho safi, na nyumba za karibu na kisima zenye watoto wagonjwa. Nikarudia tena kuangalia. Tofauti iko katika mgawo. Kuna akina mama wanaotenga maji kidogo ya nyuso kabla ya kugawa mengine."

"Kidogo kiasi gani?" Mama Fatu aliuliza.

"Kata moja."

"Kata moja haioshi hata sikio la mwanangu!"

Hapo ndipo Mzee Saidi, ambaye hakuna aliyemwuliza, alipopanda juu ya lori na kutangaza mashindano. Kila mshindani atapewa kata moja ya maji ya pipa, aoshe nyuso za watoto wengi awezavyo, na kila mtoto akaukie upeponi, bila kufutwa kwa nguo. Yeye ndiye hakimu. Bibi Kope akaanza. Maskini, mtoto wa tatu alipofika maji yalikuwa yameshaisha, mengine yako ndani ya viatu vyake. Watu walicheka mpaka jumbe akavua kofia na kujipepea nayo.

Akaja Mama Fatu. Alikunja kiganja, akayaachia maji yapite kati ya vidole kama mtu anayetia chumvi. Mtoto akanawa, akasukumwa kando, mwingine akaja. Watoto wake wakaisha, wakaletwa wa jirani. Wa jirani wakaisha, akaitwa mtoto wa jumbe. Mstari ulipokwisha alitikisa kata, akasikia bado kuna kitu ndani, akanywa.

"Kumbe ni kweli," alisema akijipangusa mdomo. Na tangu hapo hakuna aliyehitaji hotuba yetu. Tulipoondoka alikuwa anawaonyesha wenzake jinsi ya kukunja kiganja.

Siku ya pili yake tulifika Kitangari, na hapo kicheko changu kilinipungua. Mama mdogo tulimkuta barazani anasuka ukili, ameupa mwanga mgongo, machozi yanamtiririka bila kulia. Mjukuu wake, Sabina, msichana mdogo, alikuwa amemlalia mapajani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Akageuza sikio. "Hiyo ni sauti ya marehemu dada yangu. Ni Esta?"

Nilimkumbatia. Akashika ncha ya kanga yake, akajifuta macho, kisha kwa ncha ileile akamfuta Sabina. Bibi Kope aliona. Mimi pia niliona. Tukala ugali wa muhogo na kisamvu, tukapeana habari za vizazi na misiba.

Baada ya chakula mama mdogo alisema, "Haya, hayo majibu. Najua mmeyaleta hata kwangu."

Bibi Kope akaeleza polepole, nami nikafasiri. Kwamba vikope si ugonjwa wa damu. Kwamba watu wasio na undugu wowote, wakilala mkeka mmoja na kujifuta nguo moja, huugua pamoja. Na ndugu wa tumbo moja waliolelewa mbalimbali, mmoja huugua na mwingine akasalimika. Ugonjwa hupita jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi.

Mama mdogo aliacha kusuka. "Mwulize kama Sabina anavyo."

Bibi Kope akampakata mtoto, akampindua kope taratibu. "Ndiyo, vimeanza. Kwake vinatibika."

"Mwulize ni nani aliyempa."

Bibi Kope alinitazama. "Mwambie hatuwezi kujua kwa hakika."

Mama mdogo anajua Kiswahili cha kutosha. Akainua mkono kunizuia nisifasiri. "Huyo nimemsikia. Sasa nakuuliza wewe, mwanangu."

Nilitaka sana kujificha nyuma ya maneno ya Bibi, na yalikuwa maneno ya kweli. Lakini mkalimani si ukuta. "Huenda ni wewe, mama mdogo," nilisema. "Kwa kanga. Kama mama yenu alivyowapa wewe na mama, naye hakujua."

Aliuweka ukili chini. Kisha akaivua ile kanga begani, akaikunja, akaiweka mbali na mtoto. "Miaka yote hii," alisema, "nimewaambia watoto wangu ni damu yetu, wasihangaike."

Bibi Kope akamwambia kwamba yeye mwenyewe dawa ya kupaka haitamtosha. Jicho la kulia limeshaingia ukungu, halitarudi. La kushoto linaweza kuokolewa kama atapasuliwa kope Masasi, ili nywele zielekee nje.

"Kisu jichoni?" Mama mdogo aliruka. "Kuku ndiye anayechinjwa akitazama! Mimi siendi."

Nikambembeleza, akakataa. Nikamtaja marehemu mama, akanifukuza nikalete kuni. Nililala nikiwa nimekata tamaa.

Asubuhi, tulipokwenda kupakia mizigo, tulimkuta ameketi kwenye kiti cha mbele cha lori, kile cha Bibi Kope, na kifurushi mapajani. Mzee Saidi, kwa mara ya kwanza tangu Masasi, hakuwa na la kusema.

"Nikibaki nikipapasa nitaendelea kumfuta mtoto kwa chochote mkono utakachogusa," alisema. "Twendeni kabla sijaanza kufikiri."

Hakuna aliyethubutu kumwambia ahame. Bibi Kope alisafiri nyuma, juu ya turubai, mpaka Masasi, na tulipofika alikuwa mwekundu kama barabara yenyewe. Sabina alibaki na mama yake, akiwa na dawa yake na kata yake.

Masasi mama mdogo alipasuliwa siku iliyofuata. Nilimshika mkono. Alilalamika kwa Kimakonde tangu mwanzo mpaka mwisho, mengine siwezi kuyaandika hapa. Bandeji ilipofunguliwa alipepesa jicho la kushoto, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, kisha akanikazia jicho mimi.

"Esta," alisema, "kumbe umezeeka hivi!"

Manesi wote walicheka, nami nikacheka huku nalia.

Niliyojifunza ni haya. Mtu akitoa jicho lake litazamwe, majibu ni yake, na anastahili kuletewa hata kama barabara ni mbovu. Nimejifunza pia kwamba tuliita damu kitu ambacho kilikuwa mazoea tu, na mazoea yana pa kushikia ukitaka kuyabadili. Lakini kujua hakukuja bure; nilimwona mama mdogo akiikunja ile kanga, na sitaisahau sura yake.

Kabla hajarudi Kitangari alikaa siku chache kwangu, na kila asubuhi alikwenda kuota jua kwenye benchi la hospitali. Siku moja nilimkuta amekaa na mzee mmoja aliyeletwa kupasuliwa kope, ambaye alikuwa ameshasimama mara mbili ili atoroke. Mzee akamwuliza kama inauma. Nilisogea haraka nimwambie kwamba haiumi sana, kama tunavyofundishwa sisi manesi.

Mama mdogo akanitangulia. "Inauma, baba," alimwambia. "Halafu unaona."