Udongo wa Nyuma ya Zizi

Jana mkulima mmoja aliniletea udongo wa shamba lake kwenye mfuko, niupime, ofisini kwangu hapa mjini Mkuu. Nilipoufungua, harufu ya samadi iliyooza vizuri ikanipiga puani, nikacheka peke yangu. Harufu ile naijua, na aibu yake naijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa la kahawa, naye alichaguliwa pamoja na wenzake wachache wafundishwe kurutubisha udongo. Atakayefanya vizuri angekuwa msimamizi, aachane na kubeba magunia ya mbolea mgongoni. Mama aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Daftari lake la mafunzo hatukuruhusiwa hata kuligusa.

Zoezi la mwisho, kila mmoja alete udongo wa shamba lake la mahindi, uliochotwa sehemu nyingi ukachanganywa. Mama alikuwa kazini, akanituma mimi. Sasa, shamba letu la mahindi lilikuwa chini kabisa, mwendo wa saa nzima, na udongo wake mwekundu, umechoka. Samadi yote iliishia kwenye migomba ya kihamba, shamba linalozunguka nyumba. Nani angeibeba hadi kule? Nikaona bora nimpendezeshe Mama mbele ya watu. Nikachota nyuma ya zizi, udongo mweusi tii, nikajaza ndoo, nikaenda zangu kuruka kamba.

Jumamosi nilimsindikiza mafunzoni. Mwalimu akaumwaga udongo wetu juu ya gazeti. Katikati kikatokeza kipande cha ganda la ndizi.

"Mama Manka, hili ni shamba la mahindi kweli?"

Mama akachota kidogo kiganjani, akanusa. Akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nimekosea, mwalimu," akasema. "Nilichota nyumbani."

Wenzake wakaangua kicheko. Usimamizi akapewa mwingine.

Jumapili, baada ya ibada, tuliteremka wote wawili shambani. Hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Alinipa jembe nikachimba huku na huku, mashimo kumi na tano, yeye ameshika ndoo.

"Udongo uliochoka usiuonee haya, Manka," alisema. "Ukiuficha, utajuaje unataka nini?"

Mimi nilidhani adhabu imeishia pale. Nilikuwa tayari bibi shamba mwenye meza yangu siku nilipomchua Mama mgongo, nikashika mabega yale yaliyokakamaa kwa magunia. Ndipo nilipoelewa maneno yake mawili matatu kwa mwalimu yalimgharimu nini. Nililia, naye akadhani namwonea huruma ya uzee.

Mkulima wa jana sikumuuliza kitu. Nilichukua jembe, nikamwambia twende wote shambani.