Mkamba na Dele la Chaani

Mimi nauza kashata za nazi hapa Chaani, na mdomo wangu naujua, hauna breki. Lakini nikisema kahawa ya kwanza ya Kioko ilikuwa mbaya, sisemi kwa chuki. Ilikuwa mbaya kweli. Mzee Boga, mkubwa wa baraza letu, alipiga funda moja, akalitema mchangani, akauliza watu wote wakisikia:

"Kijana, hii ni kahawa ama ni maji ya ukwaju?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipotazama sinia yangu nikaona kashata zote bado zipo. Nani atatafuna kashata kavukavu? Kahawa ikisusiwa, nami nimesusiwa.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Babu Faki, aliyetuuzia kahawa tangu baraza lianze, alikuwa amefariki, na dele lake la shaba, lile birika la kuchemshia kahawa, likabaki kwa Mzee Boga likishika kutu ya kijani. Vijana wetu hawakulitaka. Kila mmoja alitaka kazi ya bandarini, hakuna aliyekubali kukaa kando ya makaa tangu alasiri mpaka isha. Ndipo akaja Kioko, Mkamba wa Kangundo, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Nyali, na Mzungu huyo alikuwa amerudi kwao. Mzee Boga alimpa dele shingo upande.

"Twakutazama mpaka Ramadhani," alimwambia. "Ukituweza, mahali hapa ni pako. Ukishindwa, dele narudisha ndani."

Kioko alikuwa na mke, Nduku, na watoto wawili, wote wako Kangundo kwa wazazi wake. Alikuwa amemwahidi Nduku kwamba akipata mahali pa kudumu, atawaleta Chaani. Akikosa, atarudi bara kushika jembe, na watoto wataendelea kumwona baba yao kama mgeni. Alinieleza hayo siku ya pili, akiosha vikombe ambavyo havijachafuliwa na mtu.

Tatizo ni kwamba Kioko alijiona bingwa. Kwao wanalima kahawa, na yeye amezaliwa chini ya mibuni. Kule Nyali alikuwa akichagua punje kubwa za buni, za kijani kibichi, zilizooshwa zikang'aa, zile za bei ghali kuliko zote dukani. Alizikaanga kidogo tu, zikawa na rangi ya ganda la karanga, akazisaga, akazimiminia maji ya moto juu ya karatasi ya kuchujia. Maji yanapita mara moja, basi. Mzungu alikuwa akinywa huku amefumba macho kwa raha. Sasa Kioko akachukua buni zilezile, akazikaanga vilevile, akazitia kwenye dele juu ya makaa zichemke saa nzima. Lo! Uchachu ukatoka wote. Sikio lako lingeweza kuusikia.

Wiki iliyofuata Mzee Boga alianza kuja barazani na chupa yake ya chai kutoka nyumbani. Akufukuzaye hakwambii toka. Kioko aliiona ile chupa, akainama kuchochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu. Nilimhurumia, na huruma yangu hutoka kama matusi.

"Wee Kioko, sogea, ndoo hapa! Kahawa hiyo mwenyewe washainywa?"

"Mimi, mama? Hapana. Kahawa inanipiga moyo. Nyumbani sisi wote tunakunywa chai."

"Subhanallah! Kwenu mwalima kahawa, na kahawa hamwinywi?"

"Tunapeleka kiwandani, inaenda ng'ambo. Hatujui ikifika huko inakuwaje."

Niliweka sinia yangu chini. Mtu anawapikia wengine kitu ambacho ulimi wake haukijui! Alichokuwa akikijua ni macho ya Mzungu yaliyofumbwa kwa raha.

"Sikiza, mwanangu. Kesho vuka uende Likoni. Kaa kwenye baraza lolote, unywe kahawa kama mtu wa haja, mpaka ujue watu wafuata nini. Moyo ukikupiga, uache upige."

Alikwenda. Alikwenda tena kesho yake, na siku zilizofuata, akirudi macho yamemtoka kama aliyeona jini. Mwishowe akanijia mbio uani.

"Mama, hawa hawatafuti harufu ya maua! Wanataka kahawa nzito, chungu, inayokaa kooni ili tende na kashata zipate kazi. Na nimewauliza buni wanazotumia. Ni zile sisi nyumbani tunaona takataka!"

Akanieleza. Kahawa inayobaki mtini msimu ukiisha haipelekwi kuoshwa. Inaanikwa juani na ganda lake mpaka ikauke, ndipo ikobolewe. Buni zake ni ndogo, za manjano, hazilingani. Mamake huziuza kwa aibu. Lakini hazina ule uchachu, na zinavumilia moto. Alipoziomba dukani, mwenye duka alimkumbuka kuwa mteja wa zile za ghali, akamuuliza kama ameugua.

Tulizikaanga uani kwangu kwenye kaango la chuma. Mara ya kwanza ziliungua, kahawa ikawa na ladha ya jivu. Mara ya pili alizitoa mapema, zikawa hazina nguvu. Sasa kila mara alikunywa mwenyewe kabla ya kunipa mimi, anakunja uso, anafikiri. Alipozingoja mpaka zikawa nyeusi, zikaanza kutoka jasho la mafuta, akaziepua hapo hapo, akazitwanga kwenye kinu changu na tangawizi kavu, jirani aligonga mlango kuuliza tuna sherehe gani. Nilikunywa kikombe. Nikanyoosha mkono nipewe kingine, na Kioko akapiga kofi la furaha mpaka kuku wakakimbia.

Jioni ile barazani alimmiminia Mzee Boga bila kuombwa. Mzee aliitazama kwa dharau, akaonja, akaonja tena. Kisha akamwaga chai ya chupa yake mtaroni, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Bi Mwanasaumu," akaniita, "hizo kashata zaliwa ama ni za kutazamwa?"

Sinia yangu ilikwisha kabla ya magharibi. Nilifurahi, wallahi, nikaenda nyumbani nikiimba barabarani na umri wangu huu.

Mwezi wa Shaabani Mzee Boga alimwoza binti yake, Mwanatatu. Jamaa za Mzee walivuka kutoka Likoni, wazee waliozaliwa na kikombe mkononi, na kahawa ya nikaha ilikuwa ya Kioko. Walikunywa. Wakanong'onezana. Wakanywa tena, halua ikaisha kwenye sahani. Mmoja wao akamwita mwenye harusi.

"Boga, huyu mtu wako umemtoa wapi? Sisi tuna maulidi mwezi wa Mfungo Sita. Tuazime, yeye na dele lake."

Kioko alisimama na dele mkononi. Mzee Boga alijinyoosha, kofia yake ya harusi imekaa upande.

"Dele nitawaazima," alisema. "Na vikombe nitawapa. Lakini Kioko ni wetu, haazimwi. Mkewe aja na watoto wiki ijayo, na nyumba nishamtafutia mimi mwenyewe."