Njoo Ijumaa

Kwa miaka thelathini ya ushonaji pale Sotik, Mwihaki aliwaambia wateja wake, "Njoo Ijumaa," na wote walijua waje Jumatatu. Ndivyo alivyomwambia pia yule mgeni mrefu kama mlingoti wa stima, aliyekuja kutembelea mashamba ya chai akapimwa gauni la kitenge.

Ijumaa asubuhi huyo hapo mlangoni, begi mgongoni, ndege yake ni ya jioni. Gauni bado vipande mezani! Mgeni hakugomba. Alitabasamu tu, akaenda zake.

Mwihaki alilimaliza Jumatatu, kwa hasira. Limening'inia mwaka wa tatu sasa. Sotik nzima hakuna anayelifikia kwa urefu.

Siku hizi, ikifika Ijumaa, nguo zote ziko tayari, zimepigwa pasi, naye ameketi akitazama barabara. Wateja wanakuja Jumatatu.