Ziwa ao Kasai

Nikisikia harufu ya samaki wa moshi sokoni hapa Likasi, najikuta tena katika nyumba ya kampuni tuliyoamriwa kuihama. Baba alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, akaamua kurudi kijijini kwao Kasai, akalime mahindi. Mjomba naye alikuja na kapu la samaki wa moshi, kumchukua mama arudi kwao, kwenye kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Moero.

"Kwetu mutoto ni wa mama," mjomba alisema. "Huyu anaenda na miye."

"Shemeji, kwetu mutoto ni wa baba. Weye ulikuya kunifundisha?"

Niliuliza ni nani aliyeamua hayo, na aliamua lini.

Mjomba akacheka. "Huyu mutoto anauliza kama polisi! Basi sema mwenyewe. Ziwa ao Kasai?"

Mama aliinamisha kichwa. Nikasema ziwa, kwa sababu mjomba ndiye aliyekuwa akinitazama.

Baba alifungua sanduku lake, akaanza kutoa nguo zangu katikati ya mashati yake, akizikunja upya mojamoja. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa nimemaliza kusema.