Adalbert wa Habari za Mbali

Ilikuwa mwaka elfu mbili makumi mbili na mbili. Apana, nisidanganye bantu: ilikuwa makumi mbili na tatu, mwezi wa pili. Juu mu makumi mbili na mbili Mama Émerance, mwenye duka ya bitenge, alikuwa angali anatuonyesha picha za mutoto wake mu telefone, Rodrigue na koti kubwa, Rodrigue na masomo yake kule Turquie. Na Adalbert alikuwa angali anaheshimiwa mu muji muzima.

Ni huyu Adalbert njo nataka kuandika habari yake, juu naona hakuna mwingine mwenye ataiandika.

Alizaliwa Kambove, mutoto wa mufanyakazi wa mine ya shaba. Alisoma vizuri, akashuka Lubumbashi, akaingia mu redio moya ya hapa. Kazi yake ikawa moya tu miaka yote: habari za inchi zingine, kila mangaribi, mu Kiswahili yetu. Na alikuwa na namna yake ya kuzisema. Kila fasi ya dunia aliipima na fasi zetu. Kama baaskari bamekaribia muji fulani, anasema: ni sawa vile kutoka Likasi kuenda Kambove. Kama bakimbizi balitembea, anasema: balitembea kutoka hapa mupaka Sakania, na batoto ku mugongo. Mimi nilifanyaka kazi ya reli, zile fasi nilizipita na miguu yangu, na kuko siku nilimusikiliza, magoti ikaanza kuniuma juu ya bantu ba Syrie.

Aliandika pia kitabu, Dunia kwa Reli. Bantu balikuwa banaisoma wakisimama ku trottoir pembeni ya Posta, fasi banauzisha bitabu chini, banaifunga polepole, banairudisha chini, banaenda zao. Zenye hazikuuzwa zilirudi kwake Kamalondo, akazipanga chini ya kitanda.

Muke wake Albertine alivumilia sana. Alikuwa anamuambia mbele ya bageni: "Adalbert, mvua ya Pakistani unaijua yote, lakini haujue kama hapa nyumba inavuja." Bageni banacheka, yeye pia anacheka, anaenda kuweka sufuria chini ya matone. Kiisha siku moya Albertine alirudi kwa kaka zake Sakania. Hakugombana na muntu. Adalbert alibakia na viti vine na hakuna wa kuvikalia.

Sasa kulikuwa kosa moya, na ilikuwa kosa yetu sisi benye kusikiliza. Adalbert mwenyewe inje ya Kongo alifika Ndola tu, alienda kulia shemeji yake mwenye alikufa. Lakini sisi tuliwaza kama alitembea kila fasi. Muntu mwenye anaweza kupima Turquie na Kolwezi, si alifika kule? Hakuna mwenye alimuuliza, na yeye hakujua kama tunawaza hivyo.

Basi ile siku ya mwezi wa pili udongo ulitetemeka mu Turquie. Mangaribi Adalbert akasema ku redio: kutoka fasi yenye udongo ulipasuka mupaka muji ya Gaziantep, ni sawa Kinsevere na hapa Lubumbashi, karibu tu. Hakujua kama Rodrigue anasoma mu Gaziantep. Mama Émerance alikuwa mu magazini yake ya bitenge. Aliacha funguo mu mulango, akakuja mupaka ku mulango ya redio, akamungojea atoke.

"Ni Kinsevere kweli? Haiko Likasi, kule mbali?"

"Ni Kinsevere, Mama."

Akakaa chini, pale pale ku mavumbi, na kitenge yake muzuri.

Namba ya Rodrigue haikupita tena. Adalbert alimutafuta kama mutoto wake, aliita mu telefone Bakongomani ba kule mumoya mumoya. Moya alisema nyumba ya Rodrigue ilianguka. Mwingine alisema Rodrigue alikuwa amehama mbele ya ile siku. Wengine bote habakumujua.

Familia ya Rodrigue ni bantu ba Butembo, benye kufanya biashara ya jumla hapa kwetu, na kwao neno ya mumoya ni neno ya bote. Papa Michée, mwenye malori, kaka mukubwa wa marehemu baba ya Rodrigue, aliita familia. Alitaka kilio ianze: bafunge bâche, ile turubai ya matanga, bawashe moto inje, bantu balale pale, mutoto apumuzike. Émerance akakataa. Alisema siku ile moto itawaka, njo siku yeye mwenyewe atakuwa amemuua. Familia ikapasuka pande mbili. Mwisho balipatana hivi: Adalbert aseme. Yeye anajua kule. Chenye atasema ku redio, njo chenye batafanya.

Balimufuata kwake Kamalondo, na mimi nilikuwa pale, nilipita kumusalimia. Vile viti vine havikutosha. Papa Michée alikuwa amefungua kitabu ya Adalbert.

"Vieux Adalbert, uliandika hapa: kutoka Istanbul kuenda Ankara, ni sawa unatoka hapa, unapita Kolwezi, haufike Kamina."

"Nilipima ku karte ya dunia, Papa. Na kamba."

"Usijifanye mudogo. Tumekuja na heshima."

"Mimi ninajua Ndola tu."

Balicheka bote. Hata Mama Émerance alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu ile siku. Nilimuona Adalbert anamuangalia vile anacheka, kiisha akabasindikiza mupaka ku mulango.

Kesho yake mangaribi familia ilikaa mu lupango ya Émerance, mu kiwanja ya nyumba yake, redio katikati. Bâche ilikunjwa pembeni ya ukuta, kuni zilikuwa tayari. Adalbert alisema habari zote, vita na uchaguzi na bei ya mafuta, bila kuruka hata moya. Kiisha akasema:

"Familia ya Muhindo Rodrigue balinilomba niseme kama mutoto wabo iko muzima ao alikufa. Mimi sijafika mu Turquie hata siku moya. Sikumuone. Sijue."

Shangazi moya njo aliuliza: "Basi hii miaka yote alikuwa anatuambia nini?" Papa Michée akabeba bâche, akaitupa mu gari, akaenda kufanya kilio kwake. Bote balimufuata. Mama Émerance alibakia na zile kuni.

Tangu pale jina yake mu soko ikawa Papa Sijue. Akipita, banamuuliza kwa sauti: "Sijue, kule Ulaya bamekula nini leo?" Kwa redio balimukatia dakika, kiisha balimukatia nyingine, balizipatia bantu ba mpira. Hakulalamika. Alikuwa ameanza kuandika kitabu ya pili, juu ya bantu benye alisema habari zabo bila kubaona. Aliiacha.

Muntu moya tu hakumuacha. Mama Émerance alirudi ku mulango ya redio, akamuambia: "Kama haujue, basi umuulize Rodrigue mwenyewe. Redio yenu si inapita mu internet?" Akamupatia maneno ya kuuliza. Na Adalbert alikuwa anaiuliza kila mangaribi, nyuma ya habari ya mwisho, mupaka siku balimuambia kama kipindi imekwisha.

Mwaka huu nilitoka Likasi, nikapita kwake. Nilimukuta peke yake, telefone mu mukono. Anasema mu telefone sasa, kiisha anatuma ile sauti ku bantu betu ba kule Turquie, benye wengi habamujibu, na wengine balifunga namba yake. Alinipatia kiti, akanilomba ninyamaze kidogo. Akakohoa sawa muntu mwenye iko mbele ya mikro, akataja jina yote, Muhindo Rodrigue, polepole, akaacha nafasi ndogo, akauliza:

"Mama yako anauliza, ulisha kula?"