Wavu wa Delmer

Mume wangu Delmer aliendesha basi la shule hapa milimani Ozark maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kumpigia mtoto kelele. Akikasirika hunyamaza. Watu humsifia upole. Hawajaishi naye.

Alipostaafu alihamia ziwani, nyumbani akawa anakuja kula na kulala. Maji yetu ni maangavu mno. Ukidondosha kijiko unakiona mpaka kinatua chini, na samaki naye anakuona wewe. Kwa hiyo Delmer huvua samaki aina ya besi kwa uzi mwembamba kama wa kushonea vifungo, ndoano ndogo, na chambo cha mpira mfano wa mnyoo, kisichozidi kidole cha mtoto. Anakitupa, kinazama, halafu hafanyi chochote. Huko kutofanya chochote ndiko ufundi wenyewe, na Mungu amemjalia.

Kaka yangu Royce ni mtu wa uzi mnene. Akinasa samaki, humnyanyua mzima mzima hadi ndani ya mashua kama anayeopoa gunia. Wawili hawa walikuwa wakivua pamoja kabla sijaolewa; Royce ndiye aliyemleta Delmer kwetu, na hajaacha kunikumbusha.

Uzi mwembamba una sharti lake. Samaki hanyanyuliwi. Mwenzako anashika wavu wa mpini, anatulia, hasogei mpaka mwenye samaki aseme, "Wavu!" Mwezi wa Aprili, Delmer alinasa besi ambaye hajapata kuona mfano wake. Akamchosha taratibu, akamleta ubavuni mwa mashua. Royce, kwa mazoea yake, akaudaka uzi kwa mkono na kuvuta. Uzi ukakatika.

Delmer hakusema kitu. Aliendelea kutomwambia Royce kitu, majira ya joto yakaja yakaisha.

Jumapili Royce huja kula kwetu, na hakuacha kuja. Mezani ikawa hivi:

"Nolene, mwambie kaka yako anisogezee chumvi."

"Dada, mwambie shemeji chumvi hii hapa, na mikono anayo."

"Mwambie mikono yake ndiyo iliyonitia hasara."

Basi chumvi nampa mimi.

Ningevumilia, lakini mwezi wa Septemba Royce akatuambia anahamia Tulsa kwa binti yake kabla ya baridi kuingia. Magoti yamegoma kupanda ngazi za nyumba yake. Delmer aliendelea kutafuna. Nilimwona kaka yangu akimtazama, akingoja hata kejeli, isije. Nikajua wakiagana hivyo hawatasemeshana tena mpaka mmoja azikwe, na mimi mume wangu sitamsamehe.

Mashindano ya mwisho ya klabu yao ya uvuvi yalikuwa Oktoba. Wa kupanda mashua moja hupatikana kwa kuchota majina kwenye kofia, na mchotaji ni mimi, kwa kuwa kahawa napika mimi. Nilichota Delmer, nikachota Royce. Mtu mmoja akataka kuikagua kofia. Nikamwuliza kama kahawa anaitaka au haitaki.

Ya majini nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa mara ya kwanza maishani hawakupishana. Asubuhi nzima walivua wamepeana mgongo. Juu ya mwamba uliozama Delmer akahisi uzi umekuwa mzito kidogo. Akakaza. Fimbo ya kuvulia ikapinda hadi ncha ikagusa maji. Alimbembeleza samaki yule muda mrefu, anampa uzi, anaurudisha, mpaka besi akaja juu akalala ubavu, mkubwa, hoi, ndoano imeshika kijingozi tu cha mdomo.

Royce alikuwa amepiga magoti, yale yale magoti, wavu mkono mmoja, mkono wa pili ameutia mfukoni usije ukamponza tena. Hakusogea.

Delmer akafungua kinywa. "Nolene," akasema, "mwambie kaka yako..."

Mimi nilikuwa ufukoni nakaanga kambare.

Royce hakucheka. "Hayupo, Delmer. Tuko wawili tu."

Samaki akatikisa kichwa. Delmer anasema aliona ndoano ikilegea.

"Royce," akasema. "Wavu."

Royce akauzamisha wavu chini ya samaki, akamwinua, uzi hakuugusa.

Walishika nafasi ya tatu. Jumapili iliyofuata, ya mwisho kabla ya Tulsa, nilipika maharage na mkate wa mahindi.

"Royce, chumvi," akasema Delmer. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kichupa, nikaurudisha. Royce akamsogezea.

"Huko Tulsa kuna ziwa?"

"Lipo. Maji yake tope tupu, shemeji."

"Basi utavua na huo uzi wako wa kufungia ng'ombe. Nitakuja nikushikie wavu."

"Uzi wangu hautaki wavu, bwana wewe."

"Najua," akasema Delmer. "Nitakuja na wavu hivyo hivyo."

Nikaenda kwenye sinki, nikafungulia bomba hadi mwisho ili wasinisikie nikilia.