Sipre ya Baba na Ugomvi wa Jua

Wazee wa kanisa letu hapa Kasongo walipoamua kuukata mti wa sipre alioupanda marehemu baba, wapate mbao za paa, mama hakubisha. Alirudi nyumbani na matawi mabichi kichwani.

"Wewe ulisomaka mambo ya miti," akaniambia. "Nataka mutoto wake mbele wamukate mama yake." Yaani nioteshe mche kwa matawi yale kabla mti haujaangushwa.

Nikavimba kichwa. Nilikuwa na unga wa homoni, dawa ya kuamsha mizizi, uliotoka Bukavu hadi kwetu kwa pikipiki. Maagizo yalisema upakwe kidogo. Mimi nikawaza, dawa ikizidi, si mizizi nayo itazidi? Vijiti vyote nilivyokata kwenye matawi vikaoza chini, vyeusi tii. Mama alisema nimevilisha sumu.

Mara ya pili nikakata vijiti vingine, nikapaka kidogo, nikavipanda kwenye makopo ya maziwa na kuvificha ghalani, maana kijiti kisicho na mizizi hukaushwa upesi na jua. Lakini mama ni mtu wa mihogo. Kwake kijiti ni kijiti: unakata, unachomeka juani, unaenda zako. Kila asubuhi nikienda kazini, aliyatoa makopo uani. Nikirudi saa sita mchana, niliyarudisha huku nikinung'unika.

"Muti gani inalalaga mu giza sawa mufungwa?" mama akauliza.

"Mama, haina mizizi. Itakunywa maji na nini?"

"Na mihogo yangu inakunywaka na nini?"

Mbaya zaidi, alikuwa akiving'oa kuchungulia kama vimeota. Kikabaki kijiti kimoja. Siku msumeno uliponguruma kanisani, alikaa jikoni na lile kopo mapajani, hakugusa chakula. Niliumia sana. Hata hivyo, saa sita nikalirudisha ghalani.

Miezi ikapita, hadi mzizi mweupe ukachungulia kwenye tundu la chini ya kopo. Jua la asubuhi lilikuwa la mama, kivuli cha mchana kilikuwa changu, na sipre ilihitaji vyote viwili. Kumbe tulikuwa tunagombana vizuri.

Habari zikawafikia wazee. Wakaja kuomba mche waurudishe palepale kanisani.

"Hapana, baba zangu," mama akasema. "Huyu atakulia nyuma ya jiko yangu. Mwenye anatafuta mbao, aanze kukata mimi."

Wazee wakacheka kidogo, kisha wakaona yeye hacheki.